Pipa Lisilo na Harufu

Kazi ya kwanza niliyoipata niliporudi Nairobi kutoka ng'ambo, katikati ya miaka ya hamsini, ilikuwa kusafisha kiwanda kilichokwisha kufa. Kilikuwa bondeni, kando ya reli iendayo Kikuyu, kabla ya kufika stesheni ya Dagoretti. Kwa miaka mingi kilikuwa kimetengeneza dawa ya josho, yaani ile wanayoogeshewa ng'ombe ili kupe wafe. Kisha kampuni ya Wazungu iliyokimiliki ikaondoka, ikamwuzia majengo mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vyuma mjini. Huyo hakuwa na haja ya dawa. Alitaka kuta na mabati. Nia yake ilikuwa kuyagawa majengo vyumba vyumba, kila kampuni ndogo ipewe chake, lango liwe moja na mlinzi mmoja. Siku hizi hilo ni jambo la kawaida, lakini wakati ule watu walilicheka, wakauliza tangu lini kiwanda kikawa nyumba ya kupanga.

Aliniajiri kwa sababu nilikuwa nimesoma kemia na kwa sababu nilikubali upesi. Sikuwa katika hali ya kuchagua. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu katika chuo kikuu cha mji wa baridi, nikitafuta shahada ya juu kwa utafiti wa namna ya kupima kiasi kidogo sana cha aseniki katika maji. Katika mwaka wa tatu msimamizi wangu aligundua kwamba chupa mbili katika kabati langu zilikuwa zimebadilishana vibandiko, na kwamba karibu vipimo vyangu vyote vilitegemea chupa isiyo yake. Hakunifokea. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaniuliza kama nimekula chakula cha mchana. Nimeifikiria sana miwani ile. Nilirudi na barua iliyosema kwamba nilihudhuria.

Nyumbani, milimani Taita, hawakujua hivyo. Walijua tu kwamba nimerudi. Kwa hiyo nilibaki Nairobi, katika chumba cha karani wa zamani wa mizani, humo humo uwanjani mwa kiwanda, na mlangoni mwangu mlinzi akaniita Daktari. Nilimwambia mara mbili kwamba mimi si daktari, si wa hospitali wala wa chuo kikuu. Mara ya pili alicheka, akasema, sawa Daktari.

Kila Jumatatu nilikwenda mjini kutoa taarifa. Ofisi ya yule Mhindi, mwenye kiwanja, ilikuwa ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa, na ngazi yake ilinuka ubani na mafuta ya taa. Yeye alinisikiliza huku akitia sahihi karatasi nyingine. Swali lake lilikuwa moja kila wiki: chumba gani kiko tayari, gani bado. Nilimwandalia maelezo marefu juu ya sakafu, mifereji na matangi, na yeye akatafuta humo maneno hayo mawili tu, tayari na bado, akayapigia mstari. Baada ya hapo nilikula wali katika hoteli ndogo ya watu wa pwani, kisha nikarudi kwa baiskeli. Siku nyingine zote za wiki nilizungumza na mlinzi asubuhi na jioni. Katikati hapakuwa na mtu ila matangi.

Wapangaji wakaanza kuja. Kampuni ya sabuni ilichukua chumba cha tanuri. Iliyofuata ilikuwa ya kushona upya magunia yaliyochanika, kisha ya vitanda vya chuma. Wa nne hakuwa kampuni. Alikuwa fundi seremala kutoka magharibi ya nchi, mtu mfupi mwenye kifua kipana na sauti ya kuimbia kanisani. Lakini juu ya mlango wake aliandika neno Fundi, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko hilo, Na Kampani. Mwenye kiwanja alikuwa amemwambia kwamba hapangishi watu, anapangisha kampuni.

Nilimwuliza hiyo kampani ni nani.

“Ni bibi yangu,” akasema. “Na Mungu, siku ile akipenda kufanya kazi.”

Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta wa mbao. Ndiye mtu wa kwanza, tangu nirudi, aliyeingia kwangu bila kungoja kukaribishwa. Alikuja kuazima rula, akakaa. Mkewe akawa ananitumia kila Jumatano bakuli la mahindi na maharage, na fundi hukaa nami ninapokula, akinieleza habari za kanisa lao la mabati kule Riruta. Alikuwa amegombea uzee wa kanisa akashindwa na mwenziwe, fundi cherehani, na katika kushindwa huko alikuwa amesema maneno ambayo sasa aliyajutia. Wageni wa makanisa mengine walikuwa wanakuja Jumapili moja ya Julai. Alitaka siku hiyo atoe kitu, kitu cha kuonekana, ili mzee aliyemshinda ajue kwamba moyo wake hauna donge. Alikuwa bado hajui atoe nini. Benchi, alisema, kila mtu anatarajia kwa seremala. Benchi si zawadi.

Sasa niseme juu ya mapipa.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na mapipa ya chuma thelathini na saba. Baadhi yalikuwa yamebeba mafuta ya mashine na mafuta ya taa, na mengine yalikuwa yamebeba dawa ya josho yenyewe, ile nzito kabla ya kuchanganywa na maji, ambayo ndani yake ni aseniki, kitu kinachoua mtu kama kinavyoua kupe. Yote yalikuwa yamemwagwa, lakini chini ya haya ya pili palibaki ukoko mweupe. Vibandiko vya zamani vilikuwa vimetoka kwa mvua. Mtu mwenye historia yangu hawezi kuliona pipa lisilo na kibandiko akalala. Nikanunua kopo la rangi nyekundu, na kabla sijachovya brashi nikafikiri kwa siku mbili niandike nini.

Mwenye kiwanja, nilipomtajia, alisema nisiandike sumu. Ukiandika sumu, nani atapanga hapa. Lakini sitamsingizia yeye, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukataa neno hilo kwa sababu zangu. Niliona ni neno la vitisho, lisilo na vipimo. Kila kitu ni sumu kikizidi, hata chumvi. Lakini dawa, niliwaza, ni neno kamili: kitu kinachotiwa ili kitende kazi fulani juu ya kitu kingine. Dawa ya panya huua panya. Dawa ya mbu huua mbu. Mahali penyewe watu walikuwa wakipaita Kwa Dawa hata kabla sijafika, na sabuni na magunia na vitanda havikulibadilisha jina hilo. Basi nikaandika DAWA, kwa herufi za kiganja kizima, juu ya kila pipa la josho. Mapipa ya mafuta sikuyaandika kitu. Kisha nikawaambia wapangaji wote, kwa Kiswahili changu cha shule, kwamba yasiyo na maandishi ruhusa kuchukuliwa, yenye maandishi yasiguswe.

Ningeweza kuona kosa langu mapema. Wiki ile ile, mama mmoja alikuja langoni na mtoto mgongoni, akasema mtoto anakohoa, na amesikia kwamba hapa kuna daktari na dawa imejaa mapipa. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba dawa hii si ya watu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama basi ni ya Wazungu. Nilimwelekeza zahanati. Jioni niliandika tukio hilo katika daftari langu kama jambo la kuchekesha.

Alhamisi moja fundi alipita mlangoni kwangu na mbao begani. Hakusimama. Aliuliza akiwa anaenda.

“Daktari, zile pipa za dawa, ziko na harufu?”

“Hazina,” nikasema. “Hazina harufu hata kidogo.”

Akasema asante. Jibu langu lilikuwa sahihi, na nakumbuka kwamba nililifurahia. Aseniki ya namna ile haina harufu, wala ladha ya kutajika, wala rangi ikishaingia majini. Nilikuwa nimeulizwa swali nikalijibu bila kuzidisha wala kupunguza. Nilirudi kwenye karatasi zangu.

Jumapili asubuhi kulikuwa na ukungu na manyunyu ya Julai. Mimi nilikuwa mtu wa misheni, lakini tangu nirudi sikuwa nimeingia kanisani, kwa kuwa kanisani watu huuliza habari. Jumapili zangu nilizitumia kuhesabu. Nilihesabu mapipa yasiyoandikwa, yakatimia. Nilihesabu yaliyoandikwa, likakosekana moja. Nilihesabu tena kutoka upande wa pili, nikamwendea mlinzi.

Mlinzi, mzee wa Kikamba aliyewahi kuwa askari wakati wa vita, hakushtuka. Alisema fundi amelichukua Ijumaa, kwa mkokoteni, kupeleka kanisani kwao liwe la kuwekea maji. Alikuwa amenusa yale mengine, yakanuka mafuta ya taa. Hili halikunuka.

Nilimkumbusha kwamba nilisema yenye maandishi yasiguswe.

“Ulisema,” akakubali. “Lakini tulifikiri unataka kujiwekea hizo nzuri. Na yeye amesema alikuuliza, ukamwambia hakuna shida.”

“Aliniuliza harufu.”

“Eeh, si ndiyo hiyo?” akasema mlinzi. “Pipa ya dawa, haina harufu. Sasa iko safi namna gani zaidi?”

Hapo ndipo nilipopaswa kupanda baiskeli. Badala yake niliingia chumbani, nikakaa, nikachukua penseli. Nilitaka kujua. Ukoko una uzito gani. Kiasi gani kitakuwa kimeyeyuka ikiwa amelisuuza mara moja, na ikiwa ni mara tatu. Maji yanayojaza pipa ni kiasi gani. Kikombe cha chai hubeba kiasi gani cha hayo. Nilijaza ukurasa mmoja nikageuza. Kila jibu lilisimama juu ya jambo nisilolijua, yaani jinsi alivyolisugua, na kwa kila dhana niliyoiweka watu walikufa au hawakufa. Sijui nilikaa muda gani. Najua kwamba nilifika hadi kuandika jibu la mwisho, nikalipigia mstari chini kwa rula, na ni mstari ule ulionigutusha. Nilikuwa nimepigia mstari vifo vya watu ambao wakati ule huenda walikuwa wanamimina chai.

Kutoka bondeni hadi Riruta si mbali, lakini udongo mwekundu ukilowa hushika gurudumu, na sehemu nyingine niliibeba baiskeli. Kanisa nililisikia kabla sijaliona. Ibada ilikuwa imekwisha, na watu walikuwa wamejaa nje chini ya turubai, wanawake kwa vitambaa vyeupe vya kichwa, wageni wamepangwa kwenye viti vya mbele. Pipa lilikuwa limesimamishwa kando ya jiko juu ya mawe matatu, limefunikwa kwa ubao mpya uliopigwa randa vizuri sana. Maandishi yangu yaligeuzwa mbele. Waliyaacha yaonekane. Sufuria ilikuwa inatoa mvuke. Vikombe vya kwanza vilikwisha kugawiwa, na cha kwanza kabisa, kwa heshima, kilikuwa mkononi mwa mzee fundi cherehani. Seremala alikuwa amesimama nyuma yake akiwa na suti, anatabasamu.

Nilikuwa nimetunga sentensi njiani. Ilikuwa na maneno mabaki, kemikali, na kwa tahadhari. Nilipofungua mdomo lilitoka neno moja.

“Sumu!”

Sijawahi kuona neno likifanya kazi upesi namna ile. Vikombe vilianguka. Mama mmoja alimpiga mwenziwe mkononi ili aangushe chake. Waliokuwa wamekunywa walikuwa watatu, huyo mzee na wageni wawili. Niliomba chumvi, nikaikoroga katika maji ya mtungi mwingine, nikawanywesha hadi wakatapika, huku nikieleza kila hatua kwa sauti ambayo nadhani haikumfikia mtu. Nilimwaga sufuria. Nilijaza chupa moja maji ya pipa nipate kuyapima. Kisha nikainua kichwa nikaona kwamba hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Walikuwa wanamtazama seremala.

Nilijaribu kusema pale pale kwamba hakuna aliyekosa, kwamba ni mabaki ya dawa tu. Mzee mmoja alinishika bega kwa upole, akaniambia nimefanya vyema kuwaonya, sasa niwaachie mambo yao.

Niliyapima maji yale siku tatu, mara tatu, kwa vyombo vilivyobaki kiwandani. Kikombe kimoja kisingeua mtu mzima. Kingemwumiza tumbo. Pipa lile likitumika mwezi mzima, lingeua wengi, pole pole, na hakuna ambaye angejua sababu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niondoke chuoni kuamini kipimo changu. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Mzee fundi cherehani alilala kitandani siku mbili, akaamka, akarudi kwenye cherehani yake. Kwa mawazo yangu, jambo lilikuwa limekwisha salama.

Fundi hakuja kazini wiki ile. Jumatano hapakuwa na bakuli. Jumatatu iliyofuata alikuja, akafungua mlango wake, kisha akaja kwangu na hakukaa.

“Umeokoa watu, Daktari, mimi nakushukuru,” akasema. “Lakini sasa nyumbani hakuna mtu anaingia. Bibi yangu akienda kuteka maji, wengine wanamwaga yao wanateka upya. Jana mama mmoja wa kwaya amenirudishia stuli. Stuli! Nilimpa bure. Ati iko na msumari mbaya. Ile stuli haina msumari hata moja. Kama stuli yangu inaogopwa, meza nitamuuzia nani?”

Nilimwambia nitamwandikia barua yenye matokeo yote. Akaniuliza barua hiyo nani ataisoma. Nilimwambia kwamba ukweli uko wazi, kwamba kilichotokea ni kutoelewana juu ya neno.

“Wewe umesoma mpaka Kiswahili imekutoroka,” akasema, bila hasira. “Wanasema nilishindwa uzee, nikanunua sumu Kwa Dawa, nikampa mzee kikombe ya kwanza. Hiyo maneno iko na kichwa na miguu. Yako iko na nini?”

Siku hiyo hiyo nilikwenda mjini na taarifa yangu. Katika ile hoteli ya watu wa pwani nilizoea kukaa karibu na mwalimu mmoja wa Kurani, mtu wa makamo aliyefundisha watoto nyuma ya duka la jamaa yake, ambaye aliutumia muda wa chakula kusahihisha Kiswahili cha kila mtu aliyemsikia. Hatukuwa marafiki. Nilimweleza kisa kizima, bila majina, kama mtu anayeuliza maana ya neno tu. Nilimwuliza kwa nini dawa haikuwaonya, na kwa nini sumu iliwaonya kupita kiasi.

Alimeza kwanza.

“Dawa hutafutwa, mwanangu,” akasema. “Sumu hutiwa. Ukisema sumu, umekwisha kusema kuna mkono. Watu watautafuta mkono huo hadi waupate.”

Nikamwuliza basi ningesema nini kati ya hayo mawili. Akasema ningesema usinywe.

Nilirudi kwa miguu nikiikokota baiskeli karibu njia nzima, kupita vilima vya upande wa hospitali na kuteremka Barabara ya Ngong, nikilipindua jambo hilo. Usinywe. Mtoto wa miaka miwili analijua. Niliona vilevile kwamba barua niliyokuwa naitunga kichwani yote ilijaa vitenzi visivyo na mtu: ilibaki, iliyeyuka, yalichukuliwa, haikueleweka. Niliviona vitenzi hivyo kuwa vya haki, kwa kuwa havimlaumu yeyote. Lakini pale Riruta nafasi ya mtu ilikuwa wazi, na seremala ndiye aliyekuwa amesimama karibu nayo.

Hata hivyo, Jumapili nilikwenda na barua. Ilikuwa kurasa tatu. Fundi alikuwa amewaomba wazee nipewe nafasi baada ya matangazo, na njiani alinisihi kitu kimoja tu, nisiende na maneno mengi. Ndani, wazee wa kanisa walikaa kulia na familia kushoto. Benchi la fundi na mkewe lilikuwa na nafasi tupu ya kutosha watu wanne. Nilisimamishwa mbele, pembeni yangu akasimama mkalimani, kijana wa kwaya mwenye tai, kwa kuwa akina mama wazee hawakukijua Kiswahili sana.

Nilianza na maana ya neno dawa. Nikaeleza josho. Nikaeleza tofauti ya kilichotiwa na kilichobaki. Mwanzoni mkalimani alifasiri kila sentensi. Baadaye kila sentensi tatu kwa maneno manne. Mwishowe akawa anatikisa kichwa tu na kusema neno fupi, na nikatambua kwamba ni lile lile. Niligeuza ukurasa wa pili. Mtoto alilia akatolewa nje. Mzee fundi cherehani alikuwa analitazama paa.

Ndipo bibi mmoja mzee, upande wa kushoto, akasimama kwa kushikilia benchi la mbele. Alisema kwa lugha yao, sauti si kubwa. Mkalimani aliona haya.

“Anauliza, huyu mgeni anasema nini. Amesema amesikia mengi. Anataka kujua kitu moja: nani alitia?”

Nilikuwa na jibu, ukurasa wa tatu, aya ya pili. Hakuna aliyetia. Lilikuwa jibu sahihi. Nilitazama benchi lile lenye nafasi tupu. Fundi alikuwa ameinama, viganja juu ya magoti, na mkewe alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja, mwanamke ambaye nilikuwa nimekula chakula chake kwa miezi na sijawahi kusikia sauti yake. Nikaelewa kwamba nikisema hakuna, watasikia kwamba namficha mtu, na wanamjua.

“Ni mimi,” nikasema. “Mimi ndiye niliyetia.”

Mkalimani alingoja. Alidhani sentensi inaendelea, kwa kuwa sentensi zangu zote za asubuhi ile zilikuwa zimeendelea.

“Halafu?” akaninong'oneza.

“Basi.”

Aliifasiri. Ilichukua maneno mawili. Manung'uniko yalipita kutoka benchi hadi benchi, kisha yakatulia, na hewa ya mle ndani ikabadilika. Bibi yule alisema jambo lingine kabla ya kukaa. Nilimwuliza mkalimani ni nini.

“Anasema, angalau umejileta mwenyewe.”

Mzee fundi cherehani aliinuka mahali pake. Alivuka nafasi ya katikati, akakaa pale penye nafasi tupu, pembeni ya seremala. Akatoa kitabu chake cha nyimbo akakifungua katikati yao wawili. Mtu akaanzisha wimbo. Hakuna aliyenionyesha pa kukaa, nami nilizikunja karatasi zangu nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Fundi alinifuata hadi kizingitini, si zaidi. Tai yake ilikuwa imepinda.

“Hiyo umesema,” akasema, “si kweli.”

“Inakaribia.”

Akainyoosha tai. “Watakuogopa sasa.”

Nilisema najua. Akaniambia nipite upande wa juu, upande wa chini una matope, akarudi ndani.

Kazi yake iliinuka tena kabla mwezi haujaisha. Watu wa kanisa walimwagizia mabenchi kumi, ambayo wakati huu hawakuyataka bure, na baada ya mabenchi wakaja watu wa makabati na milango. Walipofika Kwa Dawa walizunguka nyuma ya kampuni ya sabuni ili wasipite mlangoni mwangu. Mama wa mtoto aliyekohoa nilikutana naye njiani mara moja. Alimhamisha mtoto kutoka mgongoni akamshika kifuani mpaka nilipopita. Bakuli la Jumatano halikurudi. Fundi mwenyewe alikuja kunieleza kwamba si yeye, wala si mkewe, ni majirani wanaotazama nani anapeleka nini wapi. Nilimwambia naelewa, na nilielewa kweli. Alikaa kidogo, akaazima rula ambayo nilijua anayo yake, kisha baada ya hapo hakuja tena mara nyingi.

Mchana mmoja, kupitia ukuta wetu wa mbao, nilisikia mteja mgeni akimwuliza fundi jirani yake aliyejifungia hapo ni nani.

“Huyo ni daktari yetu,” akasema fundi. “Mtu mzuri. Lakini usikunywe chai kwake.”

Mteja akacheka sana. Niliweka penseli chini, nikangoja nisikie kama fundi naye atacheka. Kisha nikasikia randa ikianza kwenda juu ya ubao, taratibu, kwa mkono wa mtu aliyetaka mteja aondoke.